Kila kizuizi kina namba yake: kukadiria muda wa kuhamisha data, na kumjua mchawi kazi inapochelewa

Ijumaa moja nikiwa Mbeya nilipigiwa simu na ofisi fulani ya Mafinga, watu wanaopima mashamba ya miti kwa droni. Walikuwa na picha za TB 1 za kupeleka kwenye seva ya wenzao Dar es Salaam, na laini ya faiba wanailipia gigabiti 1 kwa sekunde. Bosi alishapiga hesabu kichwani: TB 1 ni GB 1,000, laini ni "giga moja" kwa sekunde, basi ni sekunde 1,000, dakika 17. Wakaanza saa 3 asubuhi, na Dar wakaambiwa kabla ya chai ya saa 4 kazi iko mezani kwao. Saa 8 mchana kompyuta inasema zimebaki saa 18 na ushee.

"Fundi, hii laini tumeibiwa."

"Kasi inasoma ngapi hapo, bosi?"

"Inacheza pale pale, MB 11.8. Haipandi, haishuki."

Nikamwomba asigombane na mtoa huduma kwanza. Aiangalie kebo inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye swichi.

Si uganga. Data ikisafiri hupita mikononi mwa wengi: diski inayosoma, kebo, swichi, laini, seva ya upande wa pili, diski inayoandika. Anayeamua muda ni yule mwembamba kuliko wote. Aliyezoea barabara ya Dar hadi Mbeya analijua hili bila kufundishwa: lori linaweza kukimbia litakavyo pale Makambako, lakini siku mteremko wa Kitonga umeziba, ratiba inapangwa na Kitonga. Tofauti ni kwamba kwenye mtandao kila Kitonga huacha namba yake kwenye kioo. Ukiijua namba, nusu ya safari za fundi zinafutika.

Kabla ya kulaumu, hesabu yako iko sawa?

Kosa la bosi wa Mafinga ndilo ninalokutana nalo kuliko yote. Laini huuzwa kwa biti, mafaili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Herufi ndogo b ni biti, kubwa B ni baiti. Tangazo likiandika Mbps na wewe ukasoma MB, umeshajidanganya mara nane. TB 1 kwenye gigabiti 1 ni sekunde 8,000, yaani saa 2 na dakika 13, hata kama kila kitu kimekaa sawasawa.

Na hakitakaa sawasawa, kwa sababu data haisafiri uchi. Kwenye mtandao wa kawaida wa Ethernet kila kifurushi hutumia nafasi ya baiti 1,538 kwenye waya, lakini mzigo wako ndani yake ni baiti 1,448 tu. Zilizobaki ni anwani, alama za ukaguzi na nafasi ya kupumua kati ya kifurushi na kifurushi. Ndiyo maana laini nzima ya gigabiti 1 ikipimwa vizuri husoma megabiti 941, sawa na MB 117.6 kwa sekunde. Ukiona 941, shukuru Mungu, usitafute tatizo.

Mimi sibebi fomula kichwani, nabeba namba moja: 42. Megabiti 100 hupitisha GB 42 kwa saa. Gigabiti 1 hupitisha GB 420 kwa saa. Gigabiti 10 hupitisha TB 4.2 kwa saa. Gawanya ukubwa wa mzigo wako kwa hiyo, umepata muda wa chini kabisa. Mteja simwambii huo. Namwambia huo mara mbili, na hadi leo hakuna aliyelalamika kwamba kazi imewahi.

Kuna kadogo kengine: diski iliyoandikwa TB 1 ikisomeka 931 kwenye Windows haijaibiwa kitu. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Kwenye makadirio hiyo ni tofauti ya asilimia 7 hadi 10, haikuulii kazi.

Kasi imeganda kwenye MB 11.8

Turudi Mafinga. MB 11.8 ni megabiti 94, na megabiti 94 ndiyo laini ya megabiti 100 ikiwa imejaa pomoni. Kwa kasi hiyo TB 1 inachukua saa 23 na nusu, na ndivyo kompyuta yao ilivyokuwa inasema. Yaani palikuwa na kiungo kimoja kilichokubali kufanya kazi kwa 100 badala ya 1,000, na kiungo cha namna hiyo mara nyingi ni kebo.

Kebo ya mtandao ina waya 8, jozi nne. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zinazokaa kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Kwa mpangilio wa rangi tuliouzoea ni ya chungwa na ya kijani. Gigabiti hudai zote nne. Sasa jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, vifaa vya pande mbili vikijaribu gigabiti vinashindwa, vinashuka hadi 100 kimya kimya, na taa zinaendelea kuwaka kama kawaida. Hakuna ujumbe wa kosa. Intaneti inafunguka, barua pepe zinakwenda, na mwaka unaweza kuisha bila mtu kujua.

Nilipofika nilikuta panya ameonja kebo nyuma ya kabati la mafaili. Maganda ya kijivu sakafuni, na waya wa kahawia umebaki unaning'inia. Nimekutana pia na kebo ambazo hazijaguswa na panya wala mtu: fundi wa kwanza alifunga jozi mbili tu akaiacha bluu na kahawia imekunjwa ndani, kwa sababu "inatosha". Kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi, uone kasi iliyokubaliwa. Kwenye Windows fungua hali ya kadi ya mtandao. Ikiandika 100, badilisha kebo kabla ya kupiga simu popote. Kama kebo ni nzima, angalia swichi: zipo nyingi za bei rahisi ambazo mwisho wake ni 100.

Ikiwa kasi iko chini ya hapo na inarukaruka ovyo, upande mmoja ukizidi kuzorota kila mzigo unapoongezeka, angalia kama kuna mtu alipanga kasi kwa mkono upande mmoja na kuuacha upande wa pili ujipange wenyewe. Rudisha zote zijipange zenyewe.

MB 35 hadi 40

Hiyo si ya mtandao. Ni diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2, ambalo kwenye karatasi ni megabiti 480 lakini kiuhalisia hutoa MB 35 hivi, 40 likijitahidi. Hamishia kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lina ulimi wa bluu. Kama kebo ya diski ni ya zamani, ibadilishe nayo.

Ukiwa na shaka kama kosa ni la diski au la mtandao, usikisie. Weka iperf3 kwenye mashine mbili, moja iwe seva, nyingine mteja. Programu hii hutuma data kutoka kumbukumbu ya mashine hadi kumbukumbu ya nyingine bila kugusa diski. Ikisoma 941 wakati kunakili mafaili kunasoma 300, mtandao umeshinda kesi. Ofisi nyingi ninazokwenda zinataka kununua laini kubwa zaidi wakati kinachowabana ni diski ya elfu themanini.

Inaanza mbio, halafu inachoka

Dakika ya kwanza MB 400 kwa sekunde, watu wanapiga makofi. Baadaye 80. Makadirio ya kompyuta yanaruka kutoka dakika 4 hadi saa 2, mtu anasema mtandao "umeshuka". Haujashuka. SSD (diski zisizozunguka) nyingi za bei nafuu zina sehemu ndogo ya haraka inayopokea data kwanza. Ikijaa, unabaki na kasi halisi ya diski yenyewe. Linux nayo ina tabia yake: hupokea data kwenye RAM na kukuambia imemaliza, huku taa ya flashi ikiendelea kupepesa. Ukichomoa hapo, umejitafutia. Andika sync, usubiri irudi.

Kwa hiyo usikadirie kwa kasi ya dakika ya kwanza. Nakili angalau GB 50 na uisome kasi ya mwishoni.

Wenye gigabiti 10 hapa ndipo wanapolia zaidi. Gigabiti 10 ni zaidi ya GB 1 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka inatoa MB 150 hivi, SSD ya SATA inaishia MB 550. Ukiunganisha bomba la inchi sita kwenye ndoo, bado unachota kwa ndoo. Ukiona kadi ya gigabiti 10 inagoma chini ya 4 hata kwa iperf3, fungua kasha: nilishakuta imechomekwa kwenye tundu dogo la PCIe (matundu ya kuchomekea kadi ndani ya kompyuta) la njia moja la kizazi cha pili, ambalo lenyewe mwisho wake ni gigabiti 4. Kuihamishia tundu refu kulichukua dakika tano, kutafuta bisibisi kulichukua ishirini.

Kipimo cha kasi kinasoma vizuri, lakini Ulaya inatambaa

Hili ndilo linalochanganya hata mafundi. Mtu yuko Iringa mjini, anapima kasi mtandaoni anapata megabiti 95. Anapeleka faili kwenye seva Ujerumani, anapata kB 385 kwa sekunde. Anapima tena: 95. Anahisi kuna mtu anamchezea.

Kwanza, hivyo vipimo huchagua seva iliyo karibu, aghalabu Dar. Vinakwambia habari za Dar, si za Ulaya.

Pili, umbali. TCP, itifaki inayobeba karibu kila uhamishaji wa mafaili, haimwagi data tu. Hutuma kiasi, husubiri mpokeaji aseme nimepata, ndipo iongeze. Ni kama daftari la madeni dukani kwa mangi: unakopeshwa hadi kikomo, ukifika hapo hupewi hata kiberiti mpaka ulipe. Kikomo hicho kwenye TCP huitwa dirisha. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na Mbeya hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 8. Mimi huona 12 hadi 20. Kwenda Ulaya na kurudi naona 160 hadi 190. Na hapo tunafaidi kebo za baharini zilizofika Dar, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Enzi za setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu yetu, kwenda na kurudi ilikuwa nusu sekunde kabla hujafanya lolote.

Sasa piga hesabu. Dirisha la zamani la TCP lilikuwa na mwisho wa kB 64. Safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 170. Unapata kB 64 kila milisekunde 170, sawa na kB 385 kwa sekunde, megabiti 3. Ungenunua laini ya gigabiti 100, ungepata megabiti 3 zile zile. Ili kuijaza gigabiti 1 kwa umbali huo unahitaji dirisha la MB 21. Dawa, yaani kulipanua dirisha, iliwekwa kwenye kanuni za TCP mwaka 1992 na mifumo yote ya kisasa inayo, lakini bado nakutana na ruta kongwe inayoinyofoa njiani, au programu iliyojiwekea kikomo chake yenyewe. Hata scp ya kawaida, amri ya kunakili mafaili kwenda mashine nyingine, ina dirisha lake la ndani la MB 2 hivi. Kwa milisekunde 170 haizidi MB 12 kwa sekunde, iwe laini gani.

Kipimo changu ni cha kurudi nyuma. Chukua kasi unayoiona, zidisha kwa muda wa ping, yaani ule wa kwenda na kurudi. Ukipata karibu kB 64 au MB 2, mchawi ni dirisha, umemshika mkono. Dawa ya haraka ni kufungua njia nyingi kwa wakati mmoja: daftari nane kwa mangi ni mkopo mara nane. Tumia rclone au programu yoyote inayotuma mafaili kadhaa sambamba.

Kama hesabu haitoi namba yoyote ya maana, na kasi inapanda taratibu kisha inaporomoka, inapanda, inaporomoka, hapo pakiti, vile vifurushi vya data, zinapotea. TCP ikikosa pakiti moja hudhani njia imejaa, hupunguza mwendo, halafu huanza kuongeza kidogo kidogo. Kila kuongeza kunasubiri safari ya kwenda na kurudi, kwa hiyo walio mbali wanaumia zaidi. Kwa fomula ya Mathis na wenzake ya mwaka 1997, pakiti 1 ikipotea kati ya 10,000, anayetuma Dar kwa milisekunde 15 bado anapata megabiti 95, anayetuma Ulaya kwa 170 anabaki na 8. Laini ni ile ile, hitilafu ni ile ile. Njia mpya za TCP kama CUBIC, na BBR iliyotolewa na Google mwaka 2016, zinavumilia zaidi, lakini pakiti iliyopotea ni pakiti iliyopotea.

Zinapotelea wapi? Hapa kwetu naanza na ncha za faiba. Septemba na Oktoba vumbi la Mbeya linaingia hadi kwenye sahani kabatini, sembuse kwenye ncha ya kioo ambayo kiini chake ni maikromita 9. Mtu anachomoa, anaifuta kwa shati, anarudisha. Nunua kalamu ya kusafishia faiba, usitumie shati hata kama limefuliwa leo. Halafu angalia kama faiba imekunjwa kona kali nyuma ya kabati.

Mzigo ni GB 3 tu lakini umekula mchana mzima

Mama mmoja wa maabara alinipigia akiwa na hasira za kweli. Mafaili 60,000 ya vipimo vya udongo, kila moja kB 50. Jumla GB 3, kwa laini yake ya megabiti 100 ni dakika 4. Yeye ana saa ya tano.

Programu yake ilikuwa inatuma faili moja moja, na kila faili liligharimu safari mbili za kwenda na kurudi: naomba nafasi, haya, nimemaliza, haya. Seva iko Ulaya, milisekunde 170. Zidisha: mafaili 60,000 kwa sekunde 0.34 ni saa 5 na dakika 40 za kusubiri majibu tu, data yenyewe haijahesabiwa. Seva ingekuwa Dar ingekuwa nusu saa.

Nikamwambia asimamishe, afunge folda nzima kwa tar liwe faili moja, atume hilo. Baada ya muda mfupi ukaja ujumbe: "Ndaga fijo, fundi. Imekwenda kabla chai haijapoa." Ndiyo asante sana ya Kinyakyusa. Kwa hiyo unapokadiria, uliza maswali mawili, la GB ngapi na la mafaili mangapi. Watu husahau la pili.

Inakufa kila mvua ikinyesha, au kila jioni

Kama ofisi yako imeunganishwa kwa antena na si faiba, na kasi inashuka kila wingu linapoachia, mawimbi yanamezwa na matone. Mawimbi ya juu ya gigahezi 10 yanaumia sana. Vifaa vya kisasa havikatiki upesi. Vinapunguza mwendo ili visikilizane, kwa hiyo unachokiona ni kasi kushuka kwa ngazi, kisha kurudi mvua ikipita. Watu wa Mufindi husingizia ukungu. Ukungu kwa antena za kawaida ni wa kusingiziwa tu. Mwenye kosa ni tone kubwa, na Tukuyu wanayo ya kutosha. Kuanzia Novemba hadi Aprili, kadiria kwa kasi ya siku ya mvua.

Ikishuka saa 1 jioni hadi saa 4 usiku hata kukiwa kukavu, mnagawana laini na majirani. Anzisha kazi saa 6 usiku.

Umeme nao uwekwe kwenye hesabu. Kazi ya saa 9 isiyoweza kuendelea ilipoishia, umeme ukikatika saa ya nane, ni kazi ya saa 17. Tumia rsync na chaguo la --partial, au chochote kinachokumbuka kilipofika, na UPS, betri ya akiba, iwe kwenye ruta na swichi pia. Nimekuta kompyuta inaendelea kuwaka kwa UPS huku swichi imezima kando yake.

Lini upeleke stendi

Silitanii hili. Diski ya TB 4 ndani ya basi la saa 12 asubuhi kutoka Mbeya, ikafika Stendi ya Magufuli pale Mbezi baada ya saa 14, ni megabiti 635 kwa sekunde. Lakini ongeza muda wa kujaza diski Mbeya na kuimwaga Dar, saa 7 na nusu kila upande kwa MB 150. Inabaki kama megabiti 300. Hiyo ndiyo mizani yangu. Kama laini yako ya kupandisha, na iwe ya kupandisha kweli si ya kushusha, inatoa zaidi ya 300 iliyopimwa, tuma kwa mtandao: gigabiti 1 safi inamaliza TB 4 kwa saa 9 na nusu. Kama ni megabiti 100, hiyo ni karibu siku nne, nenda stendi.

Funga diski kwa usimbaji kabla haijatoka mlangoni, baki na nakala, mwandikie kondakta namba ya mpokeaji juu ya boksi. Nywila usiiandike hapo. Mpe mpokeaji kwa simu akishalishika boksi mkononi.